Uzi maalum: namna ya kupata marafiki Hispania ukiwa mgeni kabisa, mwaka wa 3 sasa niko Granada

MLETA UZI

Wakuu habari za saa hizi, na wakubwa wote shikamooni.

Kuna mdogo wangu mmoja wa humu kanifata pm juzi, kapata nafasi ya kusoma Hispania, anaondoka mwezi wa 9. Nilidhani ataniuliza mambo ya viza au makoti ya baridi, kumbe swali lake lilikua moja tu, "dada huko watu wa kukaa nao unawapataje?" Nikaanza kumjibu, meseji ikawa ndefu kupita kiasi, nikaona bora niilete hadharani maana najua wapo wengine wako njiani na wengine wako tayari huko, wikiendi nzima wamejifungia chumbani wanaangalia stetasi za watu wa nyumbani. Mi nilikua hivohivo mwaka wa kwanza. Nililia sana jamani, na hakuna aliyenifanyia ubaya, nilikua tu sijui wenzetu hawa urafiki wao unapitia mlango gani.

Mi mtu wa Tanga, Ngamiani, muislamu, najifunga hijabu, pombe situmii na nguruwe sigusi, nayasema mapema maana yanaingia kwenye stori. Nilikuja Granada kusoma masta ya mambo ya maji, nikamaliza, nikapata kazi nikabaki. Granada iko kusini kule Andalusia, ni mji wa wanafunzi, chuo kikuu chake ni cha tangu 1531, ukiinua macho unaiona Sierra Nevada na theluji yake, na juu ya kilima kuna Alhambra, kasri la masultani wa Kiislamu waliotawala hapo mpaka mji ulipochukuliwa 1492. Ninachoandika ni cha hapa, mtu wa Madrid au Bilbao atakua na yake.

Nianze na pilau.

Mwezi wa pili tu tangu nifike, darasani kulikua na wasichana wanne wa hapahapa, wachangamfu, wananigawia notsi zao, na kila tukimaliza kipindi wanasema "a ver si quedamos un día", yani tuone siku moja tukutane. Mi nikachukulia nimealikwa, na kwetu ukialikwa unarudisha, nikasema ngoja nianze mimi. Nikawaambia jumamosi njooni kwangu nitapika, wote wakasema sí, sí, wamefurahi kabisa. Nikazunguka kutafuta iliki na bizari nzima kwenye maduka ya Wamoroko, nikanunua nyama bucha la halali, jumamosi nikaamka mapema nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi kama mama anavyofanya, fleti nzima inanukia. Nilikua nimewaambia saa 7 mchana. Saa 7 kimya. Saa 8 kimya, nikatuma meseji kwenye grupu. Saa 9 mmoja akajibu anaomba radhi yuko kijijini kwa wazazi wake, mwingine akasema alijua bado hatujathibitisha, wawili waliobaki hawakujibu mpaka usiku. Nimekula lile pilau siku nne peke yangu, kila nikifungua sufuria moyo unauma upya.

Nilikuja kuelewa baadae sana. Nyumbani mtu akipita unakula unamwambia "karibu chakula", na yeye anajibu "starehe" anapita zake, wote wawili mnajua hapo hakuna aliyealikwa, umemwonyesha tu kwamba humnyimi. Sasa "a ver si quedamos" ndio karibu chakula ya hawa watu. Ni upendo wa kweli ila sio mwaliko. Mwaliko wao una siku, una saa, una mahali, alafu siku yenyewe mchana inakuja meseji nyingine, "entonces a las nueve, ¿no?", yani basi saa 3 usiku au sio. Hiyo meseji isipotumwa kila mtu anahesabu mpango umekufa na hakuna anayemnunia mwenzie. Mi sikuituma. Na hata ile saa 7 nilikosea, huku chakula cha mchana ni saa 8 kwenda 9, cha usiku saa 3 au 4, ukimwalika mtu saa 12 na nusu jioni ale anaona kama umemwita kwenye uji wa mtoto.

Lakini kosa kubwa lilikua lile la nyumba. Sisi mtu tukimpenda tunamwambia njoo nyumbani, ndio tunaanzia hapo, mgeni anakuja hata bila kupiga simu, anaketi, chai inachemshwa. Huku nyumbani ndio mwisho wa safari. Unaweza kukaa na mtu mwaka mzima, amekwambia siri zake zote, umemfariji ameachwa na mchumba, na kwake hujawahi kufika. Mi nilitafsiri kwamba wananibagua. Siku moja nikamuuliza mmoja waziwazi, akanishangaa, akasema hata yeye kwa rafiki zake aliosoma nao tangu chekechea anaingia mara chache, wanaonana nje. Fleti ni ndogo, watu wengi wanaishi na wazazi mpaka umri mkubwa au wanachangia na wenzao, alafu nje kuna hali nzuri ya hewa, viwanja vya kukaa viko kila kona. Sebule yao iko barabarani.

Na hiyo sebule inaitwa bar. Hapa naomba hasa waislamu wenzangu na walokole mnisikilize, mi neno bar lilinifanya nikatae mialiko miezi mitano. Nikisikia "tomamos algo", tukanywe kitu, nasema hapana asante ninasoma. Picha niliyokua nayo ni ya bar za kwetu. Kumbe bar ya huku asubuhi bibi wa miaka 80 anakunywa kahawa na mkate wa kubanika uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, mchana mafundi wanakula, jioni familia iko na kigari cha mtoto, babu anasoma gazeti. Bia ipo, ndogondogo, lakini mtu anaweza kukaa na glasi moja saa nzima kinachomweka pale ni mazungumzo. Ukiikataa bar umekataa sebule, hawatakwambia kitu, wataacha tu kukuita.

Granada wana kitu ambacho sehemu nyingi za Hispania wameshaacha, ukinunua kinywaji unaletewa na kasahani cha chakula bila kulipia, wanaita tapa, na ni hata ukiagiza soda. Raundi ya pili kinakuja chakula kingine, ya tatu kingine, watu wanashiba hivo. Mi kinywaji changu ni mosto, juisi ya zabibu isiyo na kilevi, karibu kila bar wanayo, inakuja kwenye glasi nzuri na hakuna anayekuuliza mbona hunywi. Nguruwe ndio kazi. Ukimwambia mhudumu "sin carne", bila nyama, anaweza kukuletea kitu kina jamón juu, yani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na anakuapia hakina nyama, kwao jamón hawaihesabu nyama, wenyewe wana nia njema kabisa. Sema "no como cerdo", sili nguruwe, alafu uliza "¿qué lleva?", kina nini ndani. Bar tunayoenda sisi iko mtaa wa Zaidín, yule mhudumu ana uso wa kukasirika, mara ya kwanza alinitupia kasahani mezani nikajua hanitaki, wenzangu wakacheka wakaniambia huyo yuko hivo kwa wote, watu wa Granada wana sifa hiyo kote Hispania na ina mpaka jina lake, malafollá. Mara ya tatu nimeingia, sijakaa bado, akapiga kelele jikoni "¡para la del mosto, sin cerdo!", ya yule wa mosto, bila nguruwe. Akaniletea samaki wa kukaanga. Siku hiyo nilirudi nyumbani naona na mimi nina mtaa.

Ntaendelea jioni, ngoja nirudi kazini. Walioko nchi zingine za Kihispania leteni yenu.

MDAU, PUEBLA MEKSIKO

Dadangu umenena. Mimi ni wa Mombasa, Likoni, niko huku Meksiko mwaka wa pili, na nikikusoma naona Kihispania ni kimoja lakini watu ni mbali mbali. Huku nyumbani waingia haraka! Wiki ya tatu mwenzangu wa kazini alinialika kwa mamake, nikakuta watu ishirini, shangazi, wajomba, watoto, wote wanisalimia mmoja mmoja, na ukiondoka pia waaga mmoja mmoja, huwezi kupunga mkono mlangoni ukaenda zako, waonekana huna adabu. Kwa hilo mimi nilijiona niko pwani.

Kilichonichanganya ni lugha ya heshima. Mtu aniambia jumapili tutakula "en su casa", nyumbani kwako. Mimi nikaingiwa na wasiwasi, nikasema huyu ajialika kwangu na watu wake wote? Nikaenda kununua kuku watatu. Kumbe huku mtu mwenye adabu akitaja nyumba yake akwambia ni nyumba yako. Nilipata kujua jumamosi usiku, nikawapelekea wale kuku wakiwa wamepikwa kwa nazi, na tangu siku hiyo niliitwa kila sherehe.

Pia jueni "ahorita". Kwa sikio ni sasa hivi, lakini yaweza kuwa baada ya dakika tano au yaweza kuwa haitakuwa. Na mkiingia mkahawani mkapita karibu na meza ya watu wanakula, hata hamjuani, waambieni "provecho", yaani mle vizuri. Wajibu kwa furaha sana.

Jambo jingine, wengi huniuliza kama natoka Cuba au Costa Chica, ule ukanda wa pwani wa Guerrero na Oaxaca ambako kuna Wameksiko weusi toka zamani za utumwa. Mwanzo niliona kama udadisi mbaya, sasa nimepata rafiki wa huko huko, ameniambia yeye huulizwa katoka nchi gani ilhali ni kwao.

MDAU

Dada mleta uzi asante sana. Mi nina swali la lugha, nimejifunza kwenye programu ya simu miezi 8, nitaelewana nao au nitakua bubu? Na vipi yale mabusu ya kusalimiana, sisi wengine tumeolewa.

MLETA UZI

Nimerudi. Mdau wa Puebla umenifurahisha na hao kuku, na naona kama Meksiko pilau langu lingeliwa siku ileile.

Lugha. Mdogo wangu we una bahati ambayo hujui kama unayo, vokali za Kihispania ni tano zilezile za kwetu, a e i o u, zinatamkwa kama zilivyoandikwa, mwenzangu wa darasani aliyetoka Uingereza alihangaika miezi na mi siku ya kwanza mwalimu akaniuliza umejifunzia wapi matamshi. Alafu utakutana na ndugu. Mesa ni meza, bandera ni bendera, carta ya kucheza ni karata, vino ni mvinyo, hizo tulipewa na Wareno ambao lugha yao ni jirani na hii. Na zingine tumezipata wote kwa Mwarabu, azúcar na sukari, na hii niliyoipenda kuliko zote, "hasta" yao na "hata" yetu ni neno moja la Kiarabu, ile hata ya watu wa zamani yenye maana ya mpaka, "tangu asubuhi hata jioni". Hii nimeitumia mezani mara nyingi mno, ukikaa na watu wageni na stori zimekauka we waambie tu maneno mnayochangia, kila mtu anaanza kuuliza lake, "na shati mnaitaje? na mafuta?", saa nzima inapita. Wengine nikiwaambia Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 wakati mfalme wa Hispania ndiye alikua anaitawala na Ureno, wanabaki mdomo wazi, shuleni hawakufundishwa hilo.

Sasa ubaya wake. Ulichojifunza kwenye simu ni Kihispania cha redio, Andalusia wanameza herufi s mwisho wa neno na kati, "más o menos", yani hivihivi tu, inakuja "ma o meno", tena wanaongea watano kwa pamoja ndani ya kelele za vikombe na mashine ya kahawa. Mi nilikua natabasamu na kutikisa kichwa. Usifanye hivo dada. Nilitikisa kichwa siku moja kumbe mwenzangu alikua anaeleza bibi yake kafariki. Jifunze sentensi moja, "no me he enterado", sijaelewa, iseme bila aibu, watarudia mara kumi na hawachoki. Alafu kukatizana sio ukorofi hapa, ukisubiri watu wanyamaze ndio uongee kama tulivyofundishwa mbele ya wakubwa utasubiri mpaka bar inafungwa, na wao wataona umenuna. Ilinichukua mwaka kuweza kumkatiza mtu, bado nikimkatiza mtu mzima kichwani nasikia sauti ya bibi yangu.

Mabusu. Ni mawili, shavu kwa shavu, mwanamke kwa mwanamke na mwanamke kwa mwanaume, wanaume kwa wanaume wanapeana mkono au wanakumbatiana. Mi na wanawake natoa, na wanaume naweka mkono kifuani mapema kabla hajainama, na tabasamu kubwa, na jina lake nalitaja. Usirudi nyuma, kurudi nyuma ndio kunaumiza. Na mwambie rafiki yako mmoja awaambie wengine kabla hamjakutana, mi rafiki yangu alifanya hivo bila hata kumuomba, nikifika kwenye watu wapya wanaume wote tayari wameshaweka mkono kifuani, nilitaka kulia.

Na muuza mboga akikuita guapa, mrembo, au cariño, mpenzi, usianze kujiuliza maswali. Anamwita hivo na bibi aliye nyuma yako kwenye foleni.

Hela. Hapa naomba muandike kabisa. Neno "invitar" wametufundisha ni kualika, na kweli ni kualika, lakini anayealika ndiye analipa. Ukiwaambia watu 9 "os invito a tomar algo" umesema bili yote ni yako. Kawaida wanaweka bote, kila mtu anatoa tuseme euro 10, zinakaa kwa mmoja, zikiisha mnaongeza, na we uliyekunywa mosto mbili usianze kupiga hesabu za yule wa bia nne, ukikaa na hesabu hizo utakaa peke yako. Ila kama kipato kibaya sema "hoy voy justa", leo nimebana, ni sentensi ya heshima, wengi wao ni wanafunzi nao wanaisema.

Na besidei ni yako, unalipa wewe. Mi nilikaa siku yangu nasubiri, najua kwetu utamwagiwa maji na keki utaletewa, jioni mwenzangu wa fleti ananiuliza "¿y dónde nos invitas?", unatupeleka wapi. Nilishtuka, mfukoni nilikua na euro 20. Tukatoka watatu tu, nikawalipia raundi mbili na visahani vyake, ikatosha, wakanivuta masikio, mvuto mmoja kwa kila mwaka wa umri wangu, bar nzima inahesabu na wao.

MDAU, BARCELONA

Naongezea hapo, huku Katalunya kuna lugha mbili na rafiki zangu wakikaa wenyewe wanaongea Kikatalani. Usilichukulie kama wanakuficha. Nilijifunza maneno machache tu, bon dia (habari za asubuhi), si us plau (tafadhali), na walivyonipokea baada ya hapo ni tofauti kabisa. Sasa mleta uzi mbona hujasema kuhusu ubaguzi? Watu wasije huku wakidhani kila kitu ni samaki wa kukaanga.

MLETA UZI

Ndugu wa Barcelona uko sahihi na nilikua naliogopa kidogo.

Upo. Nilipokua natafuta chumba nilipiga simu, mwenye nyumba akasikia lafudhi akasema kimeshachukuliwa, mwenzangu wa hapa akapiga baada ya dakika kumi kikawa kipo. Imenitokea zaidi ya mara moja. Mitaani naitwa morena, yani mwenye rangi nyeusi, na hijabu na rangi yangu vinawafanya wengi wadhani natoka Senegal, hilo la Senegal halinisumbui. Kilichonisumbua ni ndani ya grupu letu mmoja alikua ananiita "negrita", yani kaweusi, kwa mapenzi, na wengine wakaanza kufata. Nilimeza miezi miwili. Kwetu tumezoea kumezea au kutuma mtu wa tatu akaseme. Mwisho nikamwambia palepale mezani, jina langu mnalijua, naomba mliite. Akawa mwekundu, akaomba radhi, na tangu hapo hajarudia hata mara moja, wala hakuninunia. Hawa watu wanaambiana ukweli usoni na kesho wanakunywa kahawa pamoja, we pia sema usoni. Asiyebadilika baada ya kuambiwa, huyo mwache, usimbebe.

Sasa watu wenyewe wanapatikana wapi. Kuna zile jioni za intercambio, za kubadilishana lugha, mwezi wa kwanza nenda, zinatoa upweke. Lakini pale wengi ni wapita njia, wanafunzi wa kubadilishana vyuo, unajenga urafiki mwezi wa 10 na wa 6 unawasindikiza kituo cha basi wote kwa mpigo, mi mwaka wa kwanza niliagana na watu saba ndani ya wiki mbili na nikabaki na mji mtupu. Watu wa hapahapa wana marafiki zao tangu utotoni, hawatafuti mtu mpya, hilo lazima ulijue na usilichukulie vibaya. Wanakuzoea kwa kukuona. Kwahiyo ingia kwenye kitu kimoja cha kila wiki, sura zilezile, kwaya, mpira, darasa la kushona, chochote, na usikose. Mi niliingia kikundi cha mtaa cha kupanda milima jumapili. Mtu wa Tanga na milima wapi na wapi, ila niliona kuna wamama wa makamo wengi, nikajisikia salama.

Wiki sita nilikua natembea nyuma naitikia salamu. Ya saba tulienda Los Cahorros, pale Monachil, kuna madaraja ya kuning'inia juu ya korongo, yanayumba, na mi naogopa urefu toka mdogo. Nikasimama katikati, miguu haiendi mbele haiendi nyuma. Kuna dada mmoja, umri kama wangu, hatukuwahi kuongea, akarudi, akasimama kinyumenyume mbele yangu akanishika mikono yote miwili, akaanza kuniuliza mama yangu anaitwa nani, ndugu wangapi, nyumbani mnakula nini asubuhi. Namjibu kwa Kihispania cha kuvunjikavunjika, nimefika vitumbua nikashtuka tuko ng'ambo. Huyo ndiye rafiki yangu wa kwanza Granada.

Ilipita miezi 14 tangu siku ya daraja mpaka aliponiambia njoo nyumbani. Wala sio kwake mjini, alinipeleka kijijini kwa wazazi, Alpujarra, kusini ya Sierra Nevada, vijiji vyeupe vimeshikilia mlima, nyumba za paa bapa. Ilikua mwezi wa 11 na mvua, akaniambia mvua ikinyesha baba anapika migas.

Wakuu ile migas ni unga wa ngano wa chengachenga, maji, mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na chumvi. Baba yake aliweka kikaango kikubwa juu ya moto wa kuni, akakaa na upawa wa chuma, anageuza, anakandamiza, anageuza, karibu saa nzima hajainuka, mwanzo ni bonge kama ugali alafu taratibu linavunjika linakua punje kavu za rangi ya dhahabu. Mzee mkimya. Nilijaribu stori mbili tatu akanijibu "claro", ndio, basi. Mpaka nilipoona dirishani mfereji wa maji umepita juu ya shamba lake nikamuuliza zamu za maji wanagawanaje. Aliacha upawa! Ile mifereji, acequia, ni ya tangu enzi za Waislamu, na hata jina ni la Kiarabu, maji ya theluji yanateremshwa mlimani kwa mkono, na wenye mashamba wanakwenda pamoja kuisafisha. Nikamwambia Kilimanjaro Wachagga wana mifongo, na wao ukoo unatoka kusafisha, na maji yana zamu. Akataka kujua upana wake, kina, anayeiba maji ya mwenzie anafanywaje. Mwanae ikabidi ashike upawa yeye.

Kikaango kikawekwa katikati, juu dagaa wa kukaanga, pilipili hoho, zeituni, na zabibu, nguruwe wao wakamkaangia pembeni kwenye kikaango chake bila mtu kunitangazia. Hakuna sahani. Kila mtu na kijiko, unachota upande wako, unarudi hatua moja nyuma ili mwingine apate nafasi, wana msemo wake, "cucharada y paso atrás", kijiko kimoja na hatua nyuma. Mi niliyelelewa kula sinia moja na ndugu sita, upande wako ni upande wako, nilisimama pale na kijiko nikashindwa kumeza kidogo, mama akadhani chakula kibaya. Tulimaliza kula saa 10 jioni na tukainuka mezani usiku, wanaita sobremesa, kile kikao cha baada ya kula, na nilipotaka kukimbilia vyombo kama tulivyofunzwa mama akanivuta gauni nikakaa.

Wakati wa kuondoka akanipa mafuta ya zeituni chupa ya lita mbili na táper, kile kibakuli cha plastiki cha mfuniko, kimejaa dengu. Sasa mnajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Baada ya wiki mbili nikamrudishia kupitia kwa mwanae, ndani nimeweka mahamri. Kikarudi na biskuti za anisi. Nikaweka kashata. Kikarudi na mchuzi wa mbuzi, ameandika kwa kalamu juu ya mfuniko "sin cerdo". Mwaka wa pili huu kinakwenda na kurudi, kona moja imeshapasuka nimeifunga na gundi, na hajakubali nimnunulie kingine.

Hivi ninavyoandika kiko hapa mezani, zamu yangu. Jumapili rafiki yangu anapanda kijijini. Nimefikiria visheti ila sijui kama shira itafika salama kwenye zile kona za mlima, mwenye ujuzi wa kuifanya ikauke vizuri anielekeze kabla ya jumamosi.